Fundi na Jibu la 450

"Email haijafika." Malalamiko hapa Dar es Salaam huanza hivyo, iwe ni kwa wakala wa forodha ghorofani Mtaa wa Msimbazi, kwenye duka la vipuri Gerezani au kwa wahasibu wa jirani na Mnara wa Saa. Anayelalamika ameshampigia simu aliyetuma, na aliyetuma ameapa kwamba ametuma. Baada ya hapo huwa ni kubonyeza tu: mmoja anatuma upya, mwingine anafungua na kufunga kikasha chake cha barua kana kwamba barua itaona haya na kujitokeza.

Fundi wa seva aliyeiva akiitwa, habonyezi chochote. Anauliza. Huyu aliyekutumia amewahi kukuandikia kwa anwani hiyohiyo? Ametuma saa ngapi? Kuna barua nyingine iliyoingia hapa ofisini tangu saa hiyo? Ukiyasikia maswali hayo mara ya kwanza utadhani anavuta muda. Kumbe kazi imeshaanza. Kama barua za wengine zimeingia, seva ni nzima na mtandao ni mzima. Kama aliyetuma ni mgeni, yaani hajawahi kuandika hapa, au aliandika zamani akanyamaza, basi kuna jambo moja la kuangalia kabla ya mengine yote. Na kama imepita nusu saa tu tangu atume, hakuna aliyepoteza kitu bado.

Naipenda kazi hii, na nataka niisifu kwa kirefu kwa sababu ni nadra kusifiwa. Katika mambo ya kompyuta sifa huenda kwa aliyejenga kitu kipya. Mtunza seva ya barua hutajwa siku mambo yakiharibika, na yakitengemaa anasahaulika kabla hajamaliza chai aliyokaribishwa. Lakini ustadi wake ni wa hali ya juu, na kiini chake ni kuitambua barua iliyochelewa na kuitenga na iliyopotea, kwa ushahidi, huku watu wakiwa wamemsimamia mgongoni.

Kanuni za seva moja kuikabidhi nyingine barua ziliandikwa na Jon Postel zikatolewa Agosti 1982, katika waraka uitwao RFC 821. Humo kila jibu la seva ni namba ya tarakimu tatu, na tarakimu ya kwanza ndiyo hukumu. Jibu linaloanza na 2 maana yake nimekubali. Linaloanza na 5 ni hapana, usirudi na barua hiyo. Kati yake ipo 4: kwa sasa siwezi, rudi baadaye. Anayepewa 4 hatakiwi kuitupa barua wala kumlalamikia aliyeiandika. Anatakiwa kuiweka kwenye foleni yake na kujaribu tena. Toleo la mwaka 2008 la kanuni hizo, RFC 5321, linashauri majaribio yaachane kwa dakika 30 au zaidi, na kwamba mtumaji asikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Waliotunga kanuni hizi walijua kwamba mashine huzima, diski hujaa na nyaya hukatika, wakaona ni haki barua isihukumiwe kwa bahati mbaya ya saa moja.

Mwaka 2003 Evan Harris aliona kwamba jibu hilo la 4 linaweza kutumiwa kuchuja barua taka. Wakati ule programu nyingi za kumwaga barua taka hazikuwa na foleni. Zilikuwa na orodha ya mamilioni ya anwani na haraka ya kuimaliza, na kurudi kwa mtu mmoja aliyesema "baadaye" kulikuwa hasara. Harris akapendekeza seva ikumbuke mambo matatu kwa pamoja: anwani ya IP ya seva inayoleta, anwani ya mtumaji, na anwani ya mpokeaji. Utatu huo ukiwa haujawahi kuonekana, seva ijibu 4 na iandike saa. Ukirudi baada ya muda uliowekwa, barua ipite, na utatu huo ukumbukwe. Mafundi wanaiita greilisti, orodha ya kijivu, kwa kuwa inakaa kati ya orodha nyeusi ya waliokataliwa na nyeupe ya wanaopita bila kuulizwa. Kwa mtu wa pwani ni hodi tu: mwenye shida nawe ukimwambia subiri kidogo atakaa barazani, na anayepita akitafuta mlango ulio wazi ataenda kwa jirani.

Harris mwenyewe alipendekeza mgeni asubiri saa 1, na aliyekwisha kupita akumbukwe kwa siku 36, ili barua inayokuja mara moja kwa mwezi isihesabiwe ngeni kila ikija. Baadaye David Schweikert, wa chuo kikuu cha ETH cha Zürich, akaandika Postgrey, programu ndogo inayofanya kazi bega kwa bega na Postfix, seva ya barua ya Wietse Venema. Yeye alishusha muda wa kusubiri hadi sekunde 300, na kumbukumbu akaiweka siku 35. Kwenye seva yenye Postfix na Postgrey, jibu ambalo mgeni hukutana nalo kwa kawaida ni 450.

Sasa dakika 5 ni kitu gani? Ungesema hakuna wa kuzilalamikia. Lakini dakika 5 ni kiwango cha chini tu ambacho mlango umejiwekea. Anayeamua barua itarudi lini ni seva ya mtumaji, na kila seva ina tabia yake. Postfix ikiachwa na mipangilio yake ya awali hupitia foleni kila baada ya sekunde 300, na barua ikikataliwa tena na tena, nafasi kati ya majaribio hupanuka hadi kufikia sekunde 4,000, zaidi kidogo ya saa nzima. Exim, iliyoanzishwa na Philip Hazel pale Cambridge mwaka 1995, kwa mipangilio yake ya kawaida hurudi kila dakika 15 kwa saa 2 za mwanzo, kisha inaanza kuchelewa zaidi na zaidi. Sendmail hutegemea mwenye nayo amepanga nini. Wapo waliopanga saa nzima. Fundi aliyezoea huijua seva ya mtu kwa mwendo wake. Akiona barua ilirudi baada ya dakika 15 kamili anajua kule kuna Exim kabla hajasoma popote. Hili nimeliona likifanyika, na sikuona kujionesha ndani yake. Ni mazoea ya macho.

Twende kwenye ushahidi wenyewe, maana hapa ndipo kazi inapopendeza.

Kila barua pepe hubeba historia ya safari yake. Msomaji wa kawaida haioni, lakini ukifungua vichwa vya barua utakuta mistari inayoanza na neno Received, mmoja kwa kila seva iliyoipokea njiani. Kila seva huandika mstari wake juu ya uliotangulia, kwa hiyo safari husomwa kutoka chini kwenda juu. Kila mstari una saa, na kila saa ina eneo lake. Tuseme ankara imetoka Guangzhou. Mstari wa chini kabisa unasema 14:12:08 +0800. Wa pili, wa seva ya kutolea barua kulekule China, umeandikwa kwa saa za dunia: 06:12:11 +0000. Wa juu, wa seva ya hapa mjini, unasema 09:43:20 +0300. Asiyejua ataona barua iliyotoka saa nane mchana ikafika saa tatu asubuhi ya siku hiyohiyo. Fundi anazigeuza zote ziwe saa za Dar es Salaam bila kalamu: imeandikwa saa tatu na dakika kumi na mbili, sekunde 3 baadaye imefika kwenye mlango wa kutokea kule, kisha dakika 31 hazionekani, kisha imefika. Pengo liko kati ya mstari wa pili na wa tatu.

Fundi mchanga angesimama hapo na kutangaza kwamba kosa ni la Wachina. Aliyeiva anajua kwamba pengo linaonyesha mahali barua ilipolala; halisemi nani aliiambia ilale. Huenda seva ya kule ilikuwa na foleni ndefu, au haikupata jibu la DNS, mfumo wa majina ya mtandao, la kuielekeza kwetu, au ilifika kwetu kwa wakati ikaambiwa irudi baadaye. Hili la mwisho haliandikwi kwenye vichwa vya barua, kwa sababu ziara iliyokataliwa haiachi mstari wa Received. Ushahidi wake uko kwenye logi ya seva yetu, na lazima utafutwe kwa saa: 09:12:14, mstari mmoja, anwani ya IP ya mgeni, mtumaji, mpokeaji, na 450. Ukiwepo, kesi imekwisha. Postgrey ni muungwana hapa: barua ikipita, programu yenyewe huongeza juu yake kichwa kiitwacho X-Greylist chenye idadi ya sekunde ilizosubirishwa. Lakini kichwa hicho huonekana baada ya barua kufika, na fundi huitwa ikiwa haijafika bado. Ndiyo maana anaanzia kwenye logi.

Na saa zenyewe lazima ziaminike. Seva ambayo saa yake imepotea kwa dakika 7 inaweza kumtia hatiani asiye na kosa, au ikaonyesha barua imefika kabla ya kutumwa. Kwa hiyo kabla ya kuamini pengo lolote, fundi huangalia kama seva yake inalinganisha saa na mtandao. Ni hatua ya sekunde chache ambayo wengi huiruka.

Nilikaa na fundi mmoja katika ofisi ya kugomboa mizigo Kariakoo akifanya kazi hii huku mwenye ofisi, mzee wa makamo, amesimama nyuma yake. Barua waliyokuwa wakiisubiri ilikuwa imebeba nakala ya hati ya shehena, ile ambayo watu wa forodha wanaiita BL, na kila siku inayopita kontena likiwa bandarini ina gharama yake.

"Kijana wangu, meli inafunga gati kesho. Nimwambie atume tena?"

"Usimwambie, Mzee. Haijapotea. Ilikuja hapa, tukaiambia irudi. Iko kwenye foleni ya kwao."

"Sisi ndio tuliiambia irudi?"

"Ndiyo, Mzee. Seva yetu haimjui bado."

Alimgeuzia kioo, akamwonyesha mstari wenye 450 kwa ncha ya kalamu. Mzee hakuielewa namba, lakini aliyaona jina la mtumaji na jina lake mwenyewe kwenye mstari mmoja, na saa. Akakaa chini. Nilipenda namna kijana yule alivyosema "tuliiambia". Seva ni yake, na jibu lilikuwa la seva yake.

Kwa nini asitume tena? Ukweli ni kwamba mtu akituma upya kwa anwani ileile, kupitia seva ileile, dakika 5 zikiwa zimepita, barua ya pili itapita papo hapo, maana utatu ni uleule na muda umetimia. Ndiyo maana imani ya "tuma tena" haifi mjini hapa: mara nyingi inaonekana imefanya kazi. Kisha ya kwanza nayo inafika kwa ratiba yake, na ofisi inabaki na hati mbili, pengine moja imerekebishwa uzito au jina la mpokeaji mzigo, na hakuna anayejua ipi ndiyo ipi. Lakini hatari kubwa ni nyingine. Mtumaji aliyechoshwa huamua kutumia anwani yake binafsi. Kwa seva huyo ni mgeni mpya, anaanza kusubiri upya. Kwa ofisi ni mbaya zaidi: watu wanazoea kupokea ankara kutoka anwani wasiyoijua, na wezi wa mtandaoni wanaobadilisha namba za akaunti ya benki kwenye ankara hawahitaji zaidi ya mazoea hayo. Fundi anayesema "msimwambie" anailinda pesa ya ofisi.

Si kila 4 ni orodha ya kijivu, na ufundi wa kweli umo kwenye tarakimu zinazofuata. Baada ya 450 au 451 huja namba ndogo yenye nukta. Postgrey kwa kawaida huambatanisha 4.2.0. Ukiona 452 na 4.3.1, diski imejaa, na hapo kusubiri hakusaidii. Kila barua inayokuja itarudishwa mpaka mtu afute au aongeze nafasi, na saa ya wale watumaji wa siku 5 inahesabu. Ukiona 451 na 4.3.5, Postfix imeuliza programu yake ya pembeni na haikupata jibu. Postgrey imelala, na sasa kila mtu anarudishwa, wageni na wenyeji wa miaka. Kwa anayelalamika haya matatu yana sura moja: email haijafika. Tiba zake hazina undugu wowote. Ya kwanza ni kutulia, ya pili ni kusafisha diski sasa hivi, ya tatu ni kuiamsha huduma iliyokufa. Lile swali la tatu, kama kuna barua nyingine iliyoingia tangu saa ile, ndilo linaloitenga ya kwanza na nyingine mbili kabla hata ya kufungua logi.

Hapa umeme una sehemu yake. Aliyefanya kazi Kariakoo anajua jenereta za mtaa mzima zinavyowaka moja baada ya nyingine umeme wa TANESCO ukikatika. Seva iliyoko kwenye UPS iliyochoka huzima kabla jenereta haijashika. Postgrey huweka kumbukumbu zake kwenye hifadhidata ya Berkeley DB, na hifadhidata ya aina hiyo ikikatiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibika. Ikiharibika, Postgrey haiamki, na tunaingia kwenye 451. Tiba iliyozoeleka ni kuyafuta mafaili hayo na kuianzisha upya. Inaamka vizuri, lakini imesahau kila mtu. Mteja wa miaka kumi, benki, msambazaji wa Mumbai, wote ni wageni asubuhi hiyo. Barua zote zinachelewa kidogo, kisha kuanzia mchana mambo yanaanza kurudi kwenye hali yake, maana kila anayerudi anaandikwa upya. Fundi anayelijua hili hatafuti ugonjwa wa pili. Anaiambia ofisi ukweli, anaziweka kwa mkono kwenye orodha nyeupe seva chache zisizoweza kusubiri, na anaiacha Postgrey ijifunze zilizobaki. Kisha anabadilisha betri ya UPS, ambayo ndiyo dawa ya kudumu, na ndiyo ambayo ofisi huchelewa kuilipia.

Lakini katika kukatika huko kote, barua zilizokwisha kukubaliwa hazipotei, na hili ndilo jambo linalonifanya niwaheshimu waliojenga mfumo huu. Seva inapojibu 250 kwa barua nzima, imechukua dhamana: itaifikisha, au itamwarifu mtumaji kwamba imeshindwa. Postfix haijibu 250 mpaka barua iwe imeandikwa kwenye diski. Umeme ukikatika sekunde moja kabla ya jibu, mtumaji bado anayo kwenye foleni yake. Ukikatika sekunde moja baadaye, tunayo sisi. Kanuni ziko wazi kiasi kwamba hata katika sekunde hiyo ya giza barua ina mwenyewe, na katika mkanganyiko kosa linaloweza kutokea ni kufika mara mbili.

Jiji hili liliijua subira ya namna hiyo kabla ya intaneti ya kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Muhimbili, pale Upanga, ilikuwa miongoni mwa vituo vya HealthNet, mtandao wa shirika la SatelLife lililoanzishwa na Bernard Lown, daktari wa moyo wa Marekani. Ujumbe wa madaktari ulikusanywa kwenye kompyuta na kutumwa kwa mafungu, kwa njia ya simu kwa mtindo wa FidoNet, au kwa setilaiti ndogo ya mzingo wa chini iliyopita juu ya upeo wa jiji mara chache kwa siku, kwa dakika chache kila mara. Setilaiti yao ya HealthSat-2 ilirushwa Septemba 1993. Daktari aliyeuliza swali kuhusu mgonjwa hakutegemea jibu kabla ya siku inayofuata, na fundi aliyeitunza kompyuta ile alijua ujumbe ulio kwenye foleni uko salama kuliko ulio njiani. Julai 2009 ukaja mkongo wa SEACOM kwa njia ya bahari, na tangu hapo tumezoea kuona barua ikifika kabla aliyetuma hajainua kidole. Matarajio yamebadilika kabisa. Kanuni za chini ni zilezile za 1982, na foleni bado ipo, ila wanaoijua wamebaki wachache.

Kasi hiyo imeleta magumu mapya kwa greilisti, na fundi wa leo hana budi kuyajua. Kampuni kubwa za barua kama Google hutuma kutoka anwani nyingi sana za IP. Barua ikikataliwa kutoka anwani moja, jaribio la pili linaweza kuja kutoka nyingine, na kwa seva yetu huo ni utatu mpya. Barua inaweza kuzunguka hivyo kwa saa kadhaa. Postgrey hupunguza tatizo kwa kuangalia sehemu tatu za kwanza za anwani tu, ili majirani wa mtandao mmoja wahesabiwe kitu kimoja, na seva iliyokwisha kupita mara 5 huiruhusu moja kwa moja. Lakini kwa wakubwa hao njia safi ni kusoma rekodi zao za SPF, ambamo wao wenyewe wametangaza kwenye DNS anwani gani zinatuma barua zao, na kuziweka kwenye orodha nyeupe.

Kuna pia jarida au mfumo wa matangazo unaobadilisha anwani ya mtumaji kwa kila barua, ukiweka namba tofauti ndani yake ili barua ikirudi ijulikane ilimlenga nani. Kwa seva inayotegemea utatu peke yake, kila barua ya namna hiyo inatoka kwa mtu asiyejulikana, mwaka mzima. Hii huwachanganya mafundi wengi, kwa kuwa inavunja ile dalili kuu kwamba mgeni huchelewa mara ya kwanza tu. Na kuna namba za siri za mara moja, zile zinazotumwa kwa email ili mtu aingie kwenye mfumo wa malipo, na zinazokufa baada ya dakika 10. Barua iliyosubirishwa dakika 15 inafika ikiwa na namba iliyokufa. Hapa siitetei greilisti hata kidogo. Mtu anayejaribu kulipa kodi saa za mwisho hana cha kujifunza kutoka kwenye foleni.

Kwa hiyo kuna mafundi wanaosema mbinu yote hii imepitwa na wakati. Wana hoja. Wamwaga taka wengi wamejifunza kurudi, au wanatumia seva za kawaida walizoziteka, ambazo zina foleni kama seva nyingine yoyote. Waraka wa Juni 2012, RFC 6647, ulioandikwa na Murray Kucherawy na Dave Crocker, uliieleza greilisti pamoja na hasara zake bila kupendelea. Maoni yangu ni kwamba bado inafaa mahali padogo, ikitumiwa kwa kuchagua: isubirishe seva zenye dalili za kutia shaka, kwa mfano zile ambazo anwani zake za IP hazina jina linaloeleweka kwenye DNS, na iwaache wengine wapite. Fundi anayeiondoa kabisa baada ya kupima logi zake za miezi namheshimu sawa na anayeibakiza. Nisiyemwelewa ni anayeizima kwa hasira kwa sababu ya simu moja ya asubuhi, kwa maana hajui amefungua mlango kwa kiasi gani.

Kupima huko ni kazi ya kimya. Unahesabu kwenye logi ni wangapi waliambiwa 450 na hawakurudi tena; hao, kwa sehemu kubwa, ni taka ambayo haikuhitaji hata kusomwa na vichujio. Unahesabu waliorudi, na walirudi baada ya muda gani. Unaangalia kati ya waliorudi ni wangapi walikuwa watu wa maana kwa ofisi. Kutoka hapo unajua unawasubirisha wangapi ili kuwazuia wangapi, na unaweza kuongea na mwenye ofisi kwa namba.

Faili la orodha nyeupe la kijana yule wa Kariakoo nililisoma mstari kwa mstari, kwa ruhusa yake. Juu ya kila ingizo ameandika tarehe, aliyeomba, na sababu kwa maneno machache ya Kiswahili: "anatuma namba za siri", "anwani inabadilika kila barua", "seva yake hurudi baada ya saa nzima". Chini ya baadhi yake ameandika tarehe ya kuliangalia tena, na mengine ameyafuta baada ya kuona mtumaji amehamia seva nyingine. Faili nyingi za namna hii nilizoziona ni lundo la majina ambayo hakuna anayethubutu kuyagusa, kwa kuwa hakuna anayekumbuka yaliingiaje. La kwake mtu mwingine anaweza kulirithi kesho asubuhi na akajua la kufanya.

Kwa sasa, ofisini pale, anwani ya malipo na ile ya kupokelea namba za siri hazipiti tena kwenye greilisti. Anwani ya jumla, iliyochapwa kwenye kadi na kwenye ubao wa mlangoni, na ambayo hupata taka nyingi kuliko zote, imebaki humo. Mtumaji wa Guangzhou amekwisha kuandika mara za kutosha na sasa anapita bila kuulizwa, ila sikukuu za Kichina zinapofunga viwanda na ukimya ukarefuka kupita siku 35, atakuwa mgeni tena. Hilo mzee ameelezwa, na ameliandika kwenye kalenda ya ukutani kwa mkono wake. Mwisho wa mwaka wa fedha, Juni, fundi atazihesabu tena logi zake aone kama anwani ile ya jumla nayo itolewe.